Siku Sitini na Moja za Janessa

Tallis Bluff, Mississippi
9 Januari 2024

Bi Vernell,

Nakusalimu kwa heshima. Nimepiga simu huko Memphis kwenye nyumba ya wazee mara tatu. Muuguzi akaniambia masikio yako hayapokei simu tena, niandike. Basi naandika. Ni mimi Shavonne, binti wa Lucious Battle, uliyenifundisha darasa la tatu. Yule uliyemrudisha nyumbani kwa sababu ya kucha.

Nina shida moja na nitaisema bila kuzunguka. Binti yangu Janessa ana miaka kumi na tatu. Ameomba nafasi katika sekondari ya sayansi, ile ya umma kule Ridgeway. Katika mtihani wa wilaya nzima amekuwa wa nne. Wa nne, Bi Vernell, mtoto wa huku upande wetu wa reli, kwa watu weusi! Wamemkataa. Barua inasema rekodi yake ya darasa la tano, mwaka ule wa korona tuliposomea nyumbani kwa mtandao, ina siku sitini na moja za utoro. Mwenye siku zaidi ya ishirini hapokelewi.

Janessa hakuwahi kukosa darasa. Hata siku moja. Alikuwa anakaa pale, anasikiliza, anajibu kwa sauti, anatuma kazi zake. Ila kamera yake ilikuwa imezimwa, na asiyeonekana aliandikwa hayupo.

Nimekata rufaa. Kikao ni tarehe 14 Machi. Wewe mwaka ule ulikuwa mjumbe wa bodi ya elimu ya wilaya, mtu wetu pekee mle ndani. Naomba uandike barua useme sheria ile ilikuwaje na ilitoka wapi. Neno lako hapa bado lina uzito kuliko la mchungaji.

Kanisa zima linakuombea. Jina lako linasomwa kila Jumapili kwenye orodha ya wagonjwa.

Mwanafunzi wako,
Shavonne Battle


Memphis, Tennessee
17 Januari 2024

Mwanangu Shavonne,

Nimefurahi kuona mwandiko wako bado umesimama wima. Habari za Janessa zimenitia fahari. Wa nne! Marehemu Lucious angetembea mji mzima akiwaambia watu wasiomuuliza.

Kuhusu jambo uliloniuliza. Wakati ule mambo yalikuja kwa haraka. Maagizo yalitoka makao makuu ya jimbo, nasi bodi tulipokea tulichopewa. Sikumbuki kila kikao. Mwili umechoka, mashine inanisafisha damu mara tatu kwa wiki, na siku ya mashine siwezi hata kushika kijiko.

Ushauri wangu ni huu. Nenda kwenye kikao umevaa vizuri, zungumza taratibu, usipandishe sauti. Wakiona mama mwenye adabu, wataona mtoto mwenye adabu. Chukua barua ya mchungaji. Chukua na cheti cha mtihani.

Nami nitakuombea.

Vernell Crutcher


Tallis Bluff
25 Januari 2024

Bi Vernell,

Asante kwa maombi. Ya kuvaa vizuri nimeyasikia tangu nina miaka minane.

Nilikwenda makao makuu ya wilaya kuomba muhtasari wa vikao vya Agosti 2020. Yule msichana wa dirishani akaniambia, "Mama, hizi karatasi hakuna anayezisoma." Nikamwambia, "Basi leo umempata." Nilizisoma nikiwa nimesimama, na viatu vyangu vya kiwanda cha samaki bado vinanuka kambare.

Hakuna maagizo ya jimbo. Jimbo lilisema kila wilaya ijiamulie. Ukurasa wa sita umeandikwa hivi: shule za Ridgeway, mtoto atahesabiwa yupo akituma kazi. Shule za upande wa magharibi wa reli, mtoto atahesabiwa yupo kamera ikiwa wazi na uso ukionekana. Bodi moja, siku moja, ukurasa mmoja. Watoto wa kizungu walihesabiwa kwa kazi zao. Wa kwetu walihesabiwa kwa nyuso zao. Na chini yake: "kwa pendekezo la mjumbe mmoja." Hawakutaja jina. Nani huyo? Wewe ulikuwepo. Nipe jina lake.

Sasa nikueleze kwa nini kamera ya mtoto wangu ilikuwa imezimwa, maana hakuna aliyeniuliza, hata yule mama wa ustawi wa jamii aliyetumwa kwa ajili ya utoro huo, akaja kufungua friji yangu kuona kama ninamlisha mwanangu.

Kile kidude cha mtandao mlichotupa kilishika sebuleni tu, karibu na dirisha. Na sebuleni ndipo palipokuwa na kitanda cha baba, baada ya kiharusi cha Oktoba. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kiwandani, narudi saa moja asubuhi. Saa mbili darasa linaanza kwa kuita majina. Saa mbili hiyohiyo ndiyo saa ya kumwosha baba na kumbadilisha nguo, kabla sijaanguka usingizi. Lucious Battle, shemasi, mtu aliyefunga tai hata kwenda kununua sukari, yuko uchi nyuma ya kichwa cha mjukuu wake. Ulitaka darasa zima limwone?

Janessa aliniuliza, "Mama, niwashe? Wananiandika sipo." Nikamjibu maneno uliyonifundisha wewe: mambo ya nyumba hayatoki barabarani. Kila asubuhi nilikuwa namsikia: "Nipo, Mwalimu. Mimi hapa." Na mwalimu anajibu, "Nakusikia, mwanangu, lakini kompyuta haikuoni."

Baba alifariki Februari 2021. Janessa alikuwa darasani, akasikia pumzi inakatika nyuma yake. Siku hiyo pia ameandikwa mtoro.

Nipe jina la mjumbe.

Shavonne


Memphis
6 Februari 2024

Shavonne,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana, kwa sababu kila moja ilikuwa na sentensi nzuri ya kujificha nyuma yake.

Mjumbe mmoja ni mimi.

Nakuandikia yote, kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha kuandika. Mkuu wa elimu alikuja na pendekezo moja kwa shule zote: mtoto ahesabiwe kwa kazi aliyotuma. Wazazi wa Ridgeway walikuwa wameshalalamika kwamba nyumba zao ni siri yao. Kura ingepita bila neno. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Nilisema, "Watoto wetu waonekane." Mwenyekiti, mzungu, akauliza, "Wetu kwa maana gani, Bi Crutcher?" Nikamjibu, "Unajua wetu maana yake nini." Akacheka kidogo, akasema kama ndivyo ninavyotaka kwa shule zangu, yeye ni nani wa kunipinga. Wakanishukuru kwa ujasiri wangu. Ndiyo, niliipenda ile asante. Nilirudi nyumbani nayo kama mtu aliyepewa keki.

Unakumbuka ukaguzi wangu wa asubuhi. Kucha, masikio, leso, kola. Niliufanya miaka thelathini na saba, kama mwalimu wangu alivyonifanyia mimi, katika shule isiyokuwa na vioo madirishani. Tuliamini mzungu akikosa doa la kutunyooshea kidole, itabidi atufungulie mlango. Kamera nilidhani ni ukaguzi uleule. Niliona watoto wamechanwa nywele, wamekaa wima, nyuma yao ukuta safi. Sikuona kitanda cha Lucious. Sikujiuliza kama ukuta upo. Na wewe nilikuwa nimekufundisha mambo mawili: jitokeze usiwe na doa, na ya nyumbani yafiche. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja yatagongana ndani ya chumba kimoja, na kwamba wa kuumia atakuwa mtoto.

Hapo ningeweza kusema nilikosea tu. Lakini Januari 2021 tuliletewa orodha. Watoto mia mbili na kumi na nne, wote wa upande wetu, waliopita siku ishirini. Ridgeway hakukuwa na hata mmoja. Mkuu wa elimu aliniuliza faraghani kama nataka sheria ifutwe. Niliisoma orodha. Majina ya ukoo niliyajua yote. Nusu ya wazazi wao nimewakagua kucha. Nilimwona Battle, Janessa. Nikasema, "Waacheni wajifunze." Niliyasema hayo kwa sababu kuifuta kungekuwa kukiri, mbele ya watu wale, kwamba mimi ndiye niliyewafungia watoto wangu mlango ambao wao walikuwa wameuacha wazi.

Katika barua yangu ya kwanza nilikudanganya. Nina miaka themanini na mitano, na bado nilidanganya kama mtoto mwenye makombo mdomoni.

Nimewaambia madaktari kwamba mwishoni mwa Machi naiacha mashine. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue muda uliopo.

Vernell Crutcher


Tallis Bluff
12 Februari 2024

Vernell,

Leo hupati Bi wala Mwalimu.

Nilisoma barua yako mezani, Janessa akanitazama usoni akasema, "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, kwa bahati mbaya.

Nilidhani kuna mzungu wa kumchukia. Nilikuwa nimeshamwandalia na matusi. Kumbe ni wewe! Wewe uliyenipa kitambaa cheupe siku ya kuhitimu. Wao waliacha mlango wazi kwa uvivu tu, wewe ukainuka ukaufunga, ukasubiri upigiwe makofi. Nao wakapiga, kwa nini wasipige? Kazi yao umewafanyia bure, halafu kwa mwandiko mzuri. Usidhani nimewasahau wao. Walijua, na walicheka, na ukurasa wa sita una saini zao zote.

Baba alikuwa akikuita taa ya mji. Nafurahi hayupo.

Sitaki machozi yako wala siku zako zilizobaki. Nataka hati ya kiapo. Kila ulichoniandikia, na saini yako mbele ya ofisa wa viapo, kabla ya tarehe 14. Usipoituma nitakuja Memphis mwenyewe, na sitapiga hodi taratibu, na sitakuwa nimevaa vizuri.

Shavonne Battle


Memphis
23 Februari 2024

Shavonne,

Hati imo ndani ya bahasha hii, kurasa tatu. Ofisa wa viapo alikuja kitandani. Alipomaliza kusoma aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia kijana, mimi nimesahihisha madaftari kabla baba yako hajazaliwa, piga muhuri.

Saini imepinda. Ni yangu.

V. Crutcher


Tallis Bluff
15 Machi 2024

Bi Vernell,

Kikao kilikuwa jana. Sikuvaa vizuri. Nilitoka zamu moja kwa moja, na buti zangu, na wale waliokaa karibu nami wakasogea.

Walikuwa watano mezani, na mwanasheria wao. Nilitoa hati yako. Mwanasheria akaisoma ukurasa wa kwanza akiwa ameegemea kiti. Wa pili akakaa sawa. Wa tatu akaomba mapumziko ya dakika kumi. Walikaa saa nzima na nusu.

Waliporudi walikuwa wananitabasamia. Wakasema rekodi ya Janessa itasahihishwa. Siku sitini na moja zote zitafutwa, na nafasi ya sayansi ni yake Agosti. Nilikaribia kulia, Mungu anisamehe. Halafu mwanasheria akasukuma karatasi: "Mama Battle, ni utaratibu mdogo tu."

Utaratibu mdogo ni kwamba niweke saini kuwa sitaionyesha hati yako kwa mtu yeyote, sitaisambaza, sitaizungumza. Nikiivunja, nafasi inapotea. Nikamuuliza, "Na wale mia mbili na kumi na tatu waliobaki?" Akasema wao hawajakata rufaa. Nikasema wangekataje rufaa juu ya kitu wasichokijua? Akafunga kalamu yake. "Mama, leo tunazungumzia mtoto wako."

Wamenipa hadi Ijumaa tarehe 22.

Mtoto wa Tamara, jirani yangu hapa nyuma, alikuwa na siku arobaini. Walimtoa kwenye hesabu za juu, wakampeleka kwenye darasa la kurudiarudia, mpaka amejiona mjinga kweli. Tamara kila asubuhi ananipungia mkono. Nitampungiaje na saini ile mkononi? Na nisipotia saini, nimwambie nini Janessa, kwamba nafasi yake nimeigawa?

Sijui kwa nini nakuuliza wewe, mtu wa mwisho duniani. Labda kwa sababu siwezi kumuuliza mwingine. Ndivyo walivyotaka.

Shavonne


Memphis
18 Machi 2024

Shavonne,

Nimepokea yako leo. Najibu leo, na mfanyakazi hapa amekubali kuipeleka posta ya haraka.

Tia saini. Chukua nafasi ya mtoto. Usiifanye kuwa sadaka. Hakuna aliyewahi kuwaomba mama wa Ridgeway wamtoe mtoto mmoja kwa ajili ya mia mbili. Tia saini ukiwa na hasira, lakini tia.

Kisha uheshimu ulichosaini. Usimwonyeshe mtu, usimnong'oneze mtu. Nami usiniulize lolote, ili siku wakikuuliza, useme hujui na iwe kweli.

Jumapili uende kanisani.

Nilisema mwishoni mwa Machi. Nimeona niwahi. Jana ilikuwa mara yangu ya mwisho kwenye mashine. Usije Memphis. Huna deni la kuja.

Vernell Crutcher


Tallis Bluff
25 Machi 2024

Bi Vernell,

Muuguzi ameniambia unalala sana sasa. Nimemwomba akushikie karatasi hii karibu na macho ukizinduka. Usipozinduka, nimeiandika hata hivyo.

Ijumaa nilitia saini. Nilikulaani njia nzima ya kwenda na ya kurudi. Nilidhani unaniambia nikae kimya, kama kawaida yenu wote.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi, unajua inavyokuwa, hata wale wa mara moja kwa mwaka walikuja. Ulipofika wakati wa matangazo, Sista Earline akasimama na barua za wagonjwa. Miaka yote hii hatujawahi kuona mgonjwa akiandika kitu zaidi ya asanteni kwa kadi na maua, ndiyo maana hazikaguliwi. Yeye huzifungua palepale na kusoma kwa ile sauti yake ya redio. Akasema, "Na hii ni kutoka kwa mama yetu mpendwa, Bi Vernell Crutcher." Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi, Bi Vernell.

Alisoma mstari wa kwanza na wa pili akitabasamu. Wa tatu sauti ikashuka. Shemasi Purvis akainuka: "Sista, nadhani hii ni ya faragha, tuishie hapo." Tamara akasimama kule nyuma, hata sikujua kama amekuja. "Nani amekuambia uishie? Soma, Earline!" Na mwingine: "Soma!" Earline akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama sakafu. Akasoma. Yote. "Waacheni wajifunze" na yote. Halafu akageuza karatasi ya pili, na ilikuwa majina. Mia mbili na kumi na nne, kwa mwandiko wako, mengine yameandikwa mara mbili, mengine yamepinda chini ya ukurasa. Sijui umeyakumbukaje. Earline aliyasoma yote, akilia, na kila jina mtu anaguna mahali fulani, mama anashika kifua, baba anauliza, "Amesema nani? Amesema wetu?"

Usidhani walikusifu. Mama mdogo Dorothea alisema kwa sauti, ndani ya nyumba ya Mungu, kwamba wewe ni nyoka na anataka kurudisha ile sahani uliyompa harusini. Wengi uliowafundisha darasa la tatu walitoka nje wakigonga milango. Sista Odom alisema mtu anayekufa anaweza kusema chochote, na Tamara akamjibu, "Basi wafe wengi." Picha yako ukumbini imegeuzwa ukutani. Nimeiona mwenyewe, na mimi sikuirudisha.

Lakini baada ya ibada hakuna aliyekwenda kula. Walipanga foleni kwa Earline kunakili majina. Kesho Jumanne bodi ina kikao cha wazi, na mama arobaini na moja wameshasema wanakwenda. Shemasi Purvis naye anakwenda. Mjukuu wake alikuwa namba tisini.

Mimi nilikaa kimya. Nilikaa nimeuma midomo mpaka nikaonja damu, kama nilivyosaini. Watu waliniangalia: "Shavonne, wewe na mdomo wako huo, leo huna la kusema?" Nikatikisa kichwa.

Nikuambie jambo moja lililobaki, halafu nimemaliza nawe. Sijakusamehe. Sidhani nitakusamehe, na usingoje.

Earline alipofika kwenye jina la Battle, Janessa alianza kuinuka. Nikaelewa anachotaka kufanya: kuitika, kama asubuhi zile. Nikamshika gauni, nikamvuta, nikamnong'oneza, "Kaa chini. Utapoteza nafasi yako." Akanitazama kwa utulivu ambao sijui ameutoa wapi. "Mama, mimi sikusaini kitu."

Alikuwa bado anainuka, Bi Vernell. Ngumi yangu ilikuwa imejaa gauni lake.

Nikaliachia.

Shavonne Battle